Manahodha Watatu wa Homa Moja

Mama mmoja muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye kilo 10. Nyumbani walimlea watu watatu: yeye, bibi na dada wa kazi. Siku mtoto alipopandisha homa, wote walimhangaikia, na balaa likaingilia hapohapo.

Saa 12 asubuhi, kabla ya kwenda kupanga bidhaa, mama alimpa paracetamol ya maji mililita 5, kwa kile kikombe kidogo kinachokuja na chupa. Akakisuuza, akakiweka juu ya kabati. Saa 3 mtoto alikuwa bado wa moto. Dada hakukiona kikombe. Akachukua kijiko cha kulia wali, akakijaza. Kijiko kile kilibeba mililita 15. Saa 5 bibi alisikia kifua kinakoroma, akafungua dawa yake ya mafua, akamnywesha mililita 10. Rangi nyingine, jina jingine, lakini ndani mlikuwa na paracetamol ileile.

Chupa zote mbili ziliandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5. Piga hesabu: 120, 360, 240. Jumla 720. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Kwa kilo 10, kutwa kucha isizidi 600. Huyu alikwisha kuipita, na adhuhuri haijaadhiniwa.

Saa 8 akatapika. Bibi akambeba hadi duka la dawa, akaomba dawa ya kuzuia kutapika.

"Bibi, tangu asubuhi amekunywa dawa mara ngapi?" muuzaji akauliza.

"Mimi nimempa mara moja tu, mwanangu."

"Na wenzako?"

Simu ikapigwa sokoni, ikapigwa nyumbani. Muuzaji hakuuza kitu. "Mpeleke hospitali sasa hivi, na chupa zote mbili uende nazo."

Mtoto aliwahishwa hospitali, akapona. Paracetamol ikizidi huumiza ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima, anacheza. Dawa ya kuliokoa ini ipo, ila hufaa zaidi ikianza mapema. Kwa hiyo kipimo kikizidi, usisubiri dalili.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Dawa ya mtoto iwe na mtoaji mmoja. Akitoka, amkabidhi mwenzake kwa maandishi: dawa gani, saa ngapi, mililita ngapi. Karatasi ifungwe kwa mpira kwenye chupa. Pima kwa kikombe chake au bomba la sindano lisilo na sindano. Soma miligramu kila ununuapo, maana zipo chupa za 250 kwa mililita 5, na kipimo kilekile hapo ni zaidi ya maradufu. Kadi ya kliniki ina uzito wa mtoto; nenda nayo dukani. Dawa ya mafua usiichanganye na ya homa kabla ya kuuliza. Na mtoto akishindwa kunyonya, akilegea au akipata degedege, acha chupa, kimbilia kituo cha afya.

Ukiulizwa amekunywa mara ngapi, usihesabu mkono wako peke yake.