Redio ya Mjane

Mara nyingi twadhani kuwa kuiba ni kutia mkono mfukoni mwa mtu. Lakini je, mtu akituuzia kitu chake kwa bei ndogo kwa kuwa hajui thamani yake, nasi twaijua, twaweza kulipa na kunyamaza? Swali hilo lilitupata Kasomeno, katika barabara iendayo Kasenga.

Huko, nyumbani kwa mama mmoja mjane, tuliona redio ya mviringo kama sufuria. Tuliitambua mara moja. Redio za namna ile zilianza kuuzwa mwaka 1949 katika Rodezia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kwa paundi 5, nazo zilipewa jina la sufuria kwa umbo lake. Hazikuwa na transista; zilitumia valvu nne za kioo na beteri kubwa kavu. Marehemu mume wa mama huyo aliinunua ng'ambo ya Luapula.

“Imekufa, mwana,” alisema mama. “Kuku wanalala juu yake.” Akataja bei ya sufuria mpya sokoni. Tulilipa upesi, wala hatukusema neno.

Tulipoifungua Lubumbashi, tulikuta valvu zote nne ni nzima. Waya mmoja ulikuwa umekatika, na kondensa za karatasi zimeharibika kwa unyevu, kama ilivyo desturi yake zikizeeka. Tulitia mpya, tukalehemu. Beteri ya zamani haipatikani tena; basi tuliunga beteri kumi za volti 9 kupata volti 90, na beteri nyingine ndogo ya kupasha moto nyuzi za valvu. Jioni ya tatu ikanguruma, kisha ikatoa sauti ya mtu. Mpenda vitu vya kale mmoja akatutajia bei mara ishirini ya ile tuliyotoa. Usiku ule hatukulala vizuri.

Tulijitetea hivi: mama alitaja bei mwenyewe, sisi hatukusema uwongo, tena tumefanya kazi. Tuyapime maneno hayo.

Ni kweli alikubali. Lakini alikubali kuuza chuma kilichokufa, siyo kitu adimu. Kibali cha asiyejua ni nusu ya kibali. Kuhusu kunyamaza, Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua, mnunuzi huyo amenunua bila haki, naye hana budi kurudisha. Na kabla yake Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Utatu, asimulia habari za mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake. Mtu yule alilipa bei ya haki, iliyo kubwa zaidi, bila muuzaji kuitazamia.

Neno la tatu lina haki yake. Tomaso huyo huyo akubali kwamba aliyekitengeneza kitu aweza kukiuza ghali zaidi. Tena valvu zingalikuwa zimekufa, hasara ingalikuwa yetu. Basi jasho na hatari vina malipo. Lakini uadimu wa redio ile haukutoka mikononi mwetu. Ulikuwa mali ya mama siku zote, hata kuku walipolala juu yake. Ujuzi ni chombo cha kazi. Usiwe wavu wa kumnasa asiyejua.

Tuliiuza. Tukatoa gharama ya vifaa, ujira wa siku zetu na fungu la hatari. Zilizobaki tukazipeleka Kasomeno. Mama alizihesabu polepole, akazifunga katika pindo la kitenge. Kisha akauliza: “Siku ile, mwana, ulijua?”

Tulijibu kwamba tulijua. Hakutukasirikia, ila hakuuliza neno jingine.

Basi, ndugu, fedha zaweza kurudishwa kwa safari moja. Imani ya mtu haifungwi katika pindo la kitenge. Tukijua, tuseme kabla ya kulipa.