Pumziko la Mshororo na Amana ya Mhariri

Katika shairi la kimapokeo lenye mizani 16, mshororo hugawanyika vipande viwili: ukwapi wa mizani 8 na utao wa mizani 8. Kina cha kati huitangazia sauti mahali pa kutua, hata kwa msikilizaji asiyewahi kuliona shairi limeandikwa. Pumziko hilo ni la kanuni, na aghalabu halizui ubishi. Ubishi huanza ndani ya kipande chenyewe, ambako kanuni imenyamaza na maana ndiyo inayoamua pa kuvuta pumzi.

Ichukuliwe mfano wa kipande hiki, kilichobuniwa kwa ajili ya mjadala huu: "Mlinzi mwizi kaiba". Msomaji akitua baada ya neno la kwanza, mlinzi anaitwa na kuarifiwa kwamba mwizi ameiba. Akitua baada ya neno la pili, mlinzi mwenyewe ndiye mwizi. Mizani haibadiliki, hatia ndiyo inayohama.

Tungo za kale za Waswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, bila koma za aina inayotumika leo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyewaunga mkono Wamazrui dhidi ya Seyyid Said, yalichapishwa kwa herufi za Kirumi mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, takriban miaka 100 baada ya kifo cha mshairi. Kila anayehariri tungo za namna hiyo hana budi kuamua pa kutia koma. Je, ana haki gani ya kuamua?

Inaweza kudaiwa kwamba mwanafunzi wa leo, akiachwa bila alama yoyote, atapotea. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, fumbo lilikuwa ngao ya mshairi mbele ya mtawala. Koma moja yaweza kumvua ngao hiyo na kumtia kinywani tuhuma asiyoitamka, au kuifuta tuhuma aliyoikusudia. Naye marehemu hawezi kukana.

Kwa hiyo, kosa la mhariri haliko katika kuitia koma, bali katika kuificha. Utungo ni amana: alama iliyoongezwa ionyeshwe kuwa ni ya mhariri, na usomaji wa pili utajwe katika maelezo. Pale ambapo maana mbili zinalingana nguvu, kipande kiachwe kitupu, ili msomaji aubebe mwenyewe wajibu wa kuchagua pa kutua.