Hasira na Haki

Si kila hasira ni dhambi. Tarehe 12 Desemba 2021, huko Abu Dhabi, Nicholas Latifi aligonga ukuta, na madereva wenzake wakalazimika kwenda polepole. Msimamizi wa mbio akayaondoa njiani magari matano tu, yale yaliyowatenga Lewis Hamilton na Max Verstappen. Verstappen akatwaa ubingwa wa dunia katika mzunguko wa mwisho. Mashabiki walinung'unika, wala si bure: mwaka 2022 shirikisho lenyewe lilikiri kosa la kibinadamu. Lakini Latifi alitishiwa kuuawa, hata akakodi walinzi London. Yeye hakuamua neno lo lote! Je, waliomtisha waliililia haki, au bingwa wao? Twaogopa ni bingwa.