Nani Alilipa Karo?

Kuna msemo nimeusikia tangu shule ya msingi: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Walimu waliutumia kutusamehe, nasi tukautumia kujisamehe. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, jamaa zangu waliniletea msemo huo kama rambirambi. Siku hizi nikiusikia natamani kuuliza kitu kimoja tu: lile kosa la kwanza lililipiwa na nani?

Wacha nieleze. Baba alipoaga dunia alituachia Probox kuukuu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nyumbani Kitale bila kazi ya kueleweka, ikawa yangu. Fundi wa mtaa, huku Tuwan, alikuwa ananitoza shilingi 500 kubadilisha oili, mbali na bei ya oili yenyewe. Kwa mtu anayelipwa kwa makala, tena akilipwa, 500 ni pesa. Nikatazama video mbili tatu YouTube, nikaazima jeki na spana namba 14, nikaingia chini ya gari.

Manze, nilikosea karibu kila kitu. Nilifungua oili injini ikiwa bado moto, ikanichoma mkono hadi kiwiko. Bolti ya sampu ikaniponyoka ikazama kwenye beseni la oili chafu, nikaisaka kwa vidole kama mtu anayetafuta nyama kwenye supu. Nikamimina mtungi mzima wa lita 4 ilhali injini ile, ukibadilisha na filta, inataka lita 3.7. Hayo yote niliyaona siku ileile, na sijayarudia. Hapo msemo ulishinda.

Lakini kosa kubwa kuliko yote sikuliona. Gari lilikuwa juu ya jeki peke yake, bila stendi, bila hata kipande cha gogo, nami nimelala chini yake napiga mluzi. Halikuanguka. Basi nikarudia mara ya pili, na ya tatu, mpaka siku jirani alipokuja kuomba oili chafu apake nguzo za ua dhidi ya mchwa. Alinivuta miguu nikatoka, huku akinitukana. Kosa lenyewe lisingenifundisha chochote. Lisipokuuma, linakuambia umefanya vizuri.

Mara ya nne nilikuwa tayari najiona fundi. Nikafungua filta ya zamani, nikapaka oili kidogo kwenye mpira wa ile mpya, nikaifunga kwa mkono, nikawasha injini na kuchungulia. Hakuna tone. Nisichoangalia ni mpira wa filta ya zamani. Ulikuwa umebaki umeganda kwenye injini, mweusi juu ya chuma cheusi, na filta mpya ikakaa juu yake. Mipira miwili, imelaliana. Inaweza kushika kwa muda, ukajisahau kabisa. Halafu presha inausukuma mmoja nje, na injini inamwaga oili yote barabarani kwa dakika chache.

Siku hiyo sikuwa kwenye usukani. Khocha alikuwa ameazima gari apeleke kabeji Bungoma. Khocha, kama hutoki upande wetu, ni kaka ya mama, na si mtu wa kunyimwa gari. Alipopita Kiminini taa nyekundu ya oili ikawaka. Jioni, mvua, barabara haina pa kuegesha. Akaona ajikaze tu afike Kamukuywa penye watu. Alifika, lakini injini ilikuwa inagonga kama posho mili. Haikuwaka tena.

Gari likavutwa hadi gereji moja pale Kanduyi. Fundi akaniwekea mipira miwili kiganjani bila kusema neno. Baadaye aliniambia kwamba kwake spana boi hapewi filta mpya kabla hajaleta mpira wa zamani mkononi. Nikamuuliza sheria hiyo ilitoka wapi. "Kwa injini ya mteja," akasema. Na mteja alijua? Akacheka, akaomba apewe spana.

Nami nikasema tunachosema watu wa umri wangu: nimejifunza. Nikaweka hata kwenye status. Ni neno tamu, hilo. Ukisema "nimekosa" lazima kuwe na mtu uliyemkosea, lakini ukisema "nimejifunza" umebaki peke yako na hekima yako. Ati kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa, lakini koleo lilikuwa la nani? Mama aliuza mtamba wake nikaingia chuo. Kila nikiwaambia wageni kwamba kuacha masomo kulinifunza mengi, yeye hunyanyuka akaenda kuangalia chai.

Sasa sikia aibu yenyewe. Wiki hiyo khocha alinipigia. "Mwanangu, nisamehe. Taa niliiona." Kisha akanitumia 5,000 kwa M-Pesa, mchango wake kwa injini. Nikajibu: Asante sana khocha. Basi. Nilijitetea kwamba hakuna uongo hapo, kwamba kweli taa aliiona, na angesimama pale Kiminini huenda injini ingepona. Ni kweli. Lakini ukweli huo ulinifaa mno, na hilo pekee lingenitosha kuushuku.

Sisemi anayeanza asikosee; hata huyo fundi wa Kanduyi alikosea kwanza. Ila kama mtu mwingine ndiye amekulipia karo, angalau ajue alilipia shule gani.

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu hadi Bungoma nikiwa na 5,000 na ile mipira miwili ndani ya bahasha. Khocha alikuwa ameketi nje ya nyumba yake. Nikamweleza yote, toka jeki mpaka filta. Akautoa mpira mmoja, akauvuta kwa vidole viwili kama mtu anayejaribu ubora wake dukani.

"Hii tu?"

"Hiyo tu, khocha."

Akanyamaza muda mrefu. Pesa hakuzigusa. Kisha akaniuliza kama najua kabeji zilikuwa ngapi. Sikujua. Miezi miwili ilikuwa imepita na sikuwa nimeuliza.

"Mia moja na ishirini," akasema, akanisogezea kiti.