Kwa Nini Mtu Humwonea Mwenziwe Kazini?

Liko swali ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni hili: kwa nini mtu aliyeonewa kazini, akiisha kupata cheo, huwaonea wengine? Tungetazamia kinyume chake. Aliyelala na njaa ajua uchungu wa njaa, na aliyetukanwa ajua jinsi tusi linavyokaa masikioni. Walakini katika kazi za watu twaona mara nyingi kwamba aliyepigwa jana ndiye mwenye fimbo leo.

Kwanza yafaa tujue tunalolisema. Kuonea si kuamrisha, wala si kukemea. Hapa kwetu Lupingu, mwera unapovuma ziwani na mawimbi kuinuka, mwenye kushika usukani wa mtumbwi hupaza sauti, naye husema maneno makali. Hapana mpiga kasia atakayenung'unika kwamba ameonewa, maana sauti ile ni ya kuwaokoa wote. Kuonea ni kuutumia ukubwa wa kazi ili kumtweza mtu kupita kadiri ihitajiwayo na kazi yenyewe. Alama yake ni nyepesi kuijua: ondoa matusi na dharau, kisha tazama kama kazi imepungukiwa na kitu. Kama haikupungukiwa, basi yale hayakuwa kazi, yalikuwa uonevu.

Sasa na tutazame mfano ulio karibu nasi. Wazee wengi wa pande za Njombe, na wa Songea jirani zetu, walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chama cha kuandika vibarua, kilichoitwa SILABU, nacho kilichukua watu wa mikoa ya mbali kwa mkataba. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na namba ikatangulia jina alilopewa na wazazi wake. Kila mtu alikuwa na kipande cha siku 30 za kazi. Siku iliyotimizwa ilitiwa alama, na alama zilipotimia ndipo mtu alipolipwa. Aliyeikagua kazi shambani alikuwa mnyapara. Yeye akisema matita hayakutosha, siku nzima ya jasho na miiba ilihesabiwa kuwa si kitu.

Basi, mnyapara huyu alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mtu mweusi kama wale aliowasimamia, naye alianza kwa kushika kisu cha kukatia mkonge kama wao. Nilipokuwa kijana nilimsikia mzee mmoja aliyerudi kutoka huko akisema kwamba meneja hawakumwogopa sana, kwa kuwa walimwona mara chache. Waliyemwogopa ni ndugu yao. Neno hilo lilinishangaza, na tangu siku ile nimekuwa nikizitafuta sababu.

Sababu ya kwanza ni hofu itokayo juu. Mnyapara alisimama katikati. Juu yake palikuwa na mtu aliyetaka hesabu ya majani kila jioni, na kama hesabu ilipungua, cheo chake kilikuwa hatarini. Hofu ni kama maji ya milima yetu hii ya Livingstone: hayakai kileleni, hushuka, na kila yanaposhuka huongeza nguvu, hata yamfikie aliye chini kabisa ambaye hana pa kuyapeleka. Tena hofu hiyo ilikuwa na asili ya zamani. Katika siku za utawala wa Wadachi kibarua aliweza kuhukumiwa viboko 25, ambavyo watu waliviita hamsa wa ishirini. Kizazi kilichofundishwa kwamba kazi huendeshwa kwa kiboko hakikusahau upesi, hata kiboko chenyewe kilipokatazwa.

Sababu ya pili ni wembamba wa mlango. Kibarua aliyetoka kwetu alikuwa mbali na nyumbani safari ya siku nyingi. Kurudi kabla ya mkataba kwisha hakuweza, na kubaki ni kuvumilia. Mwonevu hunenepa mahali ambapo anayeonewa hana pa kwenda. Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Japani, nchi yenye elimu nyingi na viwanda vikubwa, uonevu wa wakubwa kazini umekuwa msiba wa watu wote hata ukapewa jina lake, pawahara. Kwa desturi ya makampuni makubwa ya huko, vijana huingia kazini pamoja mara wamalizapo shule, mwezi wa Aprili, na wengi hutazamia kukaa katika kampuni ile ile hata uzee wao. Aliyetangulia huheshimiwa na aliyefuata, na cheo hupanda pamoja na miaka. Desturi hiyo ina uzuri wake, maana huleta utulivu na uaminifu. Lakini humfanya kijana aone kwamba kuondoka ni kupoteza maisha yake, na mkubwa asiye na utu huijua hofu hiyo akaitumia. Mwaka 2019 Wajapani walitunga sheria juu ya jambo hili, ikaanza kuyabana makampuni makubwa mwezi wa Juni 2020, na madogo mwezi wa Aprili 2022.

Sababu ya tatu ni kimya cha wenzi. Mmoja akitukanwa mbele ya kumi, wale tisa hutazama chini, na pengine hucheka, si kwa kuwa wamefurahi, bali kwa kuwa wanashukuru kwamba leo si zamu yao. Mwonevu hukihesabu kicheko kile kuwa ni ruhusa.

Lakini iko sababu ya nne, nami naiona ndiyo mzizi wa zote. Nayo ni neno hili: "Hata sisi tulipitia." Naomba nieleze kwa habari yangu mwenyewe, ingawa si habari ya kujisifu.

Nilipoanza kazi ya ualimu, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu aliyenitangulia alinichekea mbele ya wanafunzi, akanituma kama mtoto, akanitafutia makosa hata katika mwandiko wangu. Nilivumilia. Miaka ikapita, nikawa mimi ndiye mkubwa, akaja mwalimu kijana. Siku moja, mwalimu mkuu akiwa safarini, kijana yule alinijia asubuhi akasema, "Shikamoo mwalimu. Mama yangu ni mgonjwa sana, naomba ruhusa niwahi meli." Ruhusa ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia amalize kwanza kusahihisha madaftari yote ya darasa lake, maana sisi wakati wetu hatukuombaomba ruhusa. Akaketi akasahihisha. Meli ikapita bila yeye. Alipofika kwao alikuta mama yake amekwisha kuzikwa. Aliporudi hakunilaumu kwa neno lolote. Alisema tu, "Shikamoo mwalimu," kama siku zote. Nami mpaka leo nikiisikia honi ya meli gatini, husimama kidogo.

Nimejiuliza mara nyingi, kijana yule alinikosea nini? Hakunikosea kitu. Nilikuwa na deni la zamani, lakini mdeni wangu alikuwa mtu mwingine, ambaye amekwisha kustaafu. Kwa kuwa yeye sikuweza kumdai, nilimdai asiyekopa. Hilo ndilo jibu nililolipata. Mwonevu mara nyingi ni mtu anayetaka kulipwa uchungu wake, naye huutoza mahali panapotoza kwa urahisi, yaani kwa aliye chini yake. Na anayetozwa naye huandika deni, akingoja siku yake. Hivyo uonevu hurithiwa kama shamba.

Wako watakaosema, "Lakini ukali ndio uliotufanya kuwa watu. Bila kupondwa, chuma hakiwi jembe." Siwapuuzi, kwa maana taabu hufundisha kweli. Lakini tutenganishe taabu ya kazi na taabu ya dharau. Kupanda milima hii na mzigo, kukesha ziwani ukitafuta dagaa, kusahihisha madaftari mia kwa taa, hizo ni taabu zinazozaa ustadi. Dharau haizai ustadi. Huzaa uficho na chuki. Mhunzi huponda chuma kikiwa cha moto ili kiwe jembe, wala hakipondi kwa sababu yeye mwenyewe alipata kupondwa.

Na tusidhani kwamba mfanyakazi hutazama mshahara tu. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, uliowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Baada yake wafanyakazi wa viwanda vingi vya Dar es Salaam waliacha kazi, na katika malalamiko yao matusi ya wakubwa yalikuwa na mahali pakubwa. Walikuwa wakiidai heshima yao. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni namna ya ubaguzi. Sheria ni ukuta mzuri, lakini haiingii katika kila chumba cha walimu, wala katika kila mtumbwi. Mahali isipofika sheria, hapana budi moyo wa mtu ufike.

Basi tufanye nini? Wewe uliye mkubwa, kabla ya kumkemea aliye chini yako, jiulize: hili ni la kazi, au ni deni langu la zamani? Wewe uliye mwenzi, usicheke. Na ukiweza, sema neno moja la upole mbele ya watu, maana neno moja huvunja ile ruhusa. Na wewe unayeonewa leo, usiandike deni. Dai haki yako kwa yule aliyekukosea, kwa njia zilizo wazi, lakini usimwekee mzigo huo kijana ambaye bado hajaja.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Jaani hutupwa kila kitu, na jaa hunyamaza likapokea. Aliyetangulia akubali kwamba baadhi ya uchungu aliotupiwa utakoma kwake. Haki hiyo hatalipwa na mtu, najua. Lakini anayekuja nyuma yake atashika kazi na mikono mitupu, bila deni la watu wengine.