Sala Baada ya Kula

Masomo: Isaya 22:8–11 na Marko 6:30–32



Nabii Isaya aliwakemea watu wa Yerusalemu kwa habari ya maji. Adui alikuwa akiukaribia mji, nao wakafanya kazi kama watu wenye akili: wakazihesabu nyumba, wakabomoa baadhi yake wapate mawe ya kuimarisha ukuta, wakakusanya maji kati ya kuta mbili. Hata leo uko Yerusalemu mfereji uliochongwa ndani ya mwamba, ambao wengi husema ni ule wa mfalme Hezekia, na urefu wake wapata mita 533. Kazi ile ilikuwa njema, na nabii hakuilaumu. Aliloliona ni upungufu mmoja tu: watu walilitazama birika, wala hawakumtazama Yeye aliyeyakusudia hayo yote tangu zamani.

Neno hili lilituingia moyoni siku ya Jumatatu ya Pasaka, tulipowapeleka watoto wa kipaimara kwenye bwawa la Ning'hwa, karibu na mji wa Shinyanga. Wasomaji wetu wa huku wanalijua bwawa hilo. Kabla maji ya Ziwa Viktoria hayajaletwa kwa mabomba kutoka Ihelele mwaka 2009, mji ulikuwa ukilitegemea sana. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha, majani yalikuwa mabichi, na upepo ulipita juu ya maji. Tukaketi kivulini, tukaimba, tukaomba, tukala chakula chetu. Kisha watoto wakacheza mpira hata jua likaanza kushuka. Sisi tulio wakubwa tuliona miili yetu imepata nguvu mpya.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, alikuja bibi mmoja mwenye ndoo, amekuja kuteka. Akasimama akitazama mahali tulipolia: mifuko, chupa, maganda ya machungwa, na karatasi nyingine zimekwisha kupeperushwa majini. Hakupiga kelele. Akaitua ndoo yake, akainama, akaanza kuokota. Kisha akauliza, “Mwalimu, hawa ni watoto wako?”

Tukajibu, “Ndiyo, bibi, ni wa usharika wetu.”

Akasema, “Niliwasikia wakiomba kabla ya kula, nikafurahi. Je, baada ya kula hawana sala?”

Ndugu, hatukuwa na jibu. Tuliinama pamoja na watoto, tukaokota hata mahali pakawa safi, na mmoja wa vijana akambebea bibi ndoo yake mpaka njiani. Lakini swali lile tulirudi nalo nyumbani. Maana Martin Luther, alipoitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliwawekea Wakristo sala mbili za mezani, moja kabla ya kula na moja baada ya kula. Ile ya kwanza twaikumbuka, kwa kuwa njaa hutukumbusha. Ile ya pili twaisahau, kwa kuwa tumekwisha kushiba. Nalo ndilo kosa la Yerusalemu: kulipokea birika na kumsahau Mwenye kulitoa.

Basi tufanyeje? Tusiende tena bwawani? Wako Wakristo wasemao kwamba kutembea na kupumzika ni kupoteza wakati. Lakini Bwana Yesu mwenyewe, alipoona wanafunzi wake wanasongwa na watu hata hawana nafasi ya kula, aliwaita waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo. Wakaondoka kwa mashua. Pumziko ni zawadi yake, wala si jambo la kuonea haya.

Tena zawadi hiyo si ya wenye nafasi tu. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14 Mungu amempa siku ya kupumzika mtumwa, mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Twawakumbuka ndugu zetu wa Geita na Kahama, wanaoshuka katika maduara ya dhahabu na kuponda mawe kwenye makarasha, na kwa wengine wao Jumapili ni sawasawa na Jumanne. Ewe Mkristo mwenye duara, ukija kuketi kando ya maji na jamaa yako, na vijana wako wangali chini ya ardhi, pumziko lako umelitwaa katika mgongo wa mwenzako.

Maji nayo yana Muumba, na yana jirani anywaye. Amri ya tano yasema tusiue, na Katekisimo yatufundisha kwamba kuitii ni kutomdhuru jirani katika mwili wake, bali kumsaidia. Amri hii yafika hata bwawani. Mtu akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya kichocho huingia maji, hukua ndani ya konokono, kisha vijidudu humtoboa ngozi mtoto asiye na kosa aliyeingia kuoga. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu, ikitiririka mpaka mtoni, huingia katika samaki, na kwa samaki huingia katika mwili wa mama na wa mtoto aliye tumboni. Aliyeimwaga hamwoni aliyeumia. Lakini Mungu awaona wote wawili.

Hata kivuli tulichokalia kina historia yake. Katika miaka ya ukoloni wa Waingereza miti mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na mingine ikakatwa kwa mashamba na kuni, hata nchi ikawa kama jangwa. Mwaka 1986 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakairudia desturi ya wazee wao ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili majani na miti vipate kupumzika na kuota. Tazameni hekima hiyo: wazee wetu waliijua sabato ya ardhi. Anayekata tawi la kuchomea nyama kwa furaha ya saa moja, na afikiri ni miaka mingapi iliyolikuza.

Enyi wainjilisti na walimu wa kipaimara, wapelekeni watoto wenu kwenye maji na chini ya miti, wayaone matendo ya Mungu. Wasiingie majini, kwa ajili ya kichocho, na kwa kuwa tope la bwawa lina kina na limekwisha kuchukua watoto wa watu. Ombeni kabla ya kula. Na mkiisha kula, ombeni tena. Kisha inukeni, mpasafishe mahali pale, hata atakayekuja na ndoo yake jioni asijue kama mlikuwapo, ila kwa usafi mliouacha.

Mungu Baba, uliyeyakusanya maji mahali pamoja, utusamehe kushiba kwetu kusiko na shukrani. Utupe pumziko, wala tusimnyang'anye jirani lake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.