Ramani ya Wengi na Ushahidi wa Mmoja

Aghalabu tunadhani kwamba maarifa ya wengi ni jumla ya maarifa ya mmoja mmoja, hata ikawa kila linapoongezeka jicho la kutazama, ukweli nao huzidi kubainika. Nataka kuipima dhana hii kwa kazi moja ya zama zetu, ambayo kwa maoni yangu imewafundisha wahandisi jambo kubwa kuhusu ushahidi: kazi ya roboti nyingi kuchora ramani moja ya mahali ambapo hakuna hata moja iliyopata kupaona pote.

Septemba 2021, katika Louisville Mega Cavern, machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa katika jimbo la Kentucky, Marekani, yalifanyika mashindano ya mwisho ya chini ya ardhi ya DARPA, idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya nchi hiyo. Kila timu ilipewa saa moja na msimamizi mmoja tu wa kibinadamu. Roboti zake, nyingine zikienda kwa miguu minne, nyingine kwa magurudumu, nyingine zikiruka, ziliingia gizani kutafuta vitu 40, kama vile mikoba, simu, kamba na sanamu za watu waliokwama. Setilaiti haifiki huko, wala redio haipenyi mwamba, kwa hiyo roboti iliweza kutengana na wenzake kitambo kirefu, ikichora ramani yake peke yake, mpaka zikutane na kupashana habari. Timu mbili zilizoongoza zilipata alama 23 kila moja.

Sharti la kwanza la kujua kwa pamoja ni kuafikiana juu ya mwanzo. Kila roboti hujihesabia mahali ilipo kutoka pale ilipoanza, nayo ina sifuri yake na upande wake wa mbele. Ndiyo maana langoni ziliwekwa alama zilizopimwa kwa makini, ili zote zishike msingi mmoja kabla ya kuingia. Kitu kilihesabiwa endapo tu mahali palipotajwa hapakuachana na mahali penyewe kwa zaidi ya mita 5. Sasa tazama: roboti ikikosea mwelekeo langoni kwa digrii moja, kisha ikaenda mita 300 moja kwa moja bila kosa jingine lolote, itakiona kile kitu sawasawa na kukitaja kwa jina lake, walakini mahali itakapopataja patakuwa pamekengeuka kwa mita 5 na zaidi, na alama itapotea. Haikudanganya wala haikuona vibaya. Iliachana na wenzake mwanzoni tu.

Sharti la pili ni shaka yenye kipimo. Gurudumu huteleza topeni, mguu hukanyaga kokoto ikabingirika, na kosa dogo hulala juu ya kosa dogo. Kwa hiyo roboti iliyoundwa vyema hutaja mahali ilipo pamoja na kadiri ya yakini yake, ambayo hupungua kadiri inavyosonga mbele. Ikifika ambapo ilipita zamani, au alipopita mwenzake, na miale ya leza ikautambua ukuta ule ule, hesabu hurudi nyuma, na licha ya nukta ya sasa, njia nzima iliyopita hupindwa kona kwa kona mpaka ilingane na ushahidi mpya.

Hata hivyo mapatano nayo yana hatari yake. Vichochoro vya machimbo hufanana, na roboti mbili zilizo mbalimbali zikidhani zimekutana, ramani zote mbili huharibika kwa pamoja. Iliyofichika zaidi ni hatari hii: ya kwanza huipa habari ya pili, ya pili huipa ya tatu, na ya tatu huirejesha kwa ya kwanza, ambayo huisikia habari yake yenyewe kutoka kwa mwingine ikadhani imepata shahidi mpya. Yakini huzidi ilhali hakuna jicho jipya lililoona. Mwaka 1997 Simon Julier na Jeffrey Uhlmann walitoa kanuni ya hisabati ya kuunganisha habari mbili zisizojulikana kama zina asili moja, kanuni inayokataa kuzidisha yakini bila haki.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikwisha kuishughulikia hatari hii karne nyingi kabla. Ile hadithi mashuhuri ya nia na amali ilipokewa na watu wengi mno kutoka kwa Yahya bin Said al-Ansari, lakini juu yake sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ni ya mtu mmoja mmoja hadi kwa Sayyidna Umar bin al-Khattab; kwa hiyo, ingawa waliithibitisha kuwa sahihi kwa uadilifu wa wapokezi wake, hawakuihesabu kuwa mutawatiri, yaani iliyopokewa na wengi katika kila tabaka. Wingi wa baadaye haukuwasahaulisha uchache wa mwanzo.

Basi thamani ya mapatano haipimwi kwa idadi ya wanaopatana, bali kwa uhuru wa kila mmoja katika kuona, na kwa uaminifu wake katika kutaja alikopata anachokijua. Jamii inayokariri habari moja kwa vinywa elfu haijajua mara elfu. Imejua mara moja, na kama shahidi yule wa kwanza alikosea, imekosea yote. Anayeleta habari barazani alete na asili yake na kadiri ya shaka yake, awe tayari njia yake mwenyewe isahihishwe. Nao walioketi wamuulize hayo kabla ya kuhesabu mikono.